Kicheko Kwenye Chupa ya Chai

Kila jioni, kwaya ikishamaliza kurekodi na kuondoka na matope yake, Asukile alijifungia kwenye studio yake pale Soweto ya Mbeya, akavaa koti, akanunua bando la intaneti, akaanza kutafuta watu wa kuwaonea wivu.

Alikuwa na utaratibu. Hakuhangaika na wakubwa, wale wa Dar es Salaam wenye magari na walinzi, kwa sababu wivu wa mtu wa mbali haushibishi. Alitafuta wadogo, wanaotengeneza muziki wa kompyuta peke yao kwenye vyumba kama chake, bila kampuni wala meneja, halafu wakasimama mbele za watu na mitambo yao na kuupiga papo hapo. Kulikuwa na kijana wa Kampala aliyepiga kwa kupunga mikono hewani bila kugusa kitu. Kulikuwa na mtu wa Mwanza aliyechomeka waya kwenye mapapai, kila papai na ngoma yake. Asukile aliwatazama mpaka mwisho, akasoma jinsi walivyosifiwa, kisha akazima simu na kusema, "Kelele tupu." Baada ya hapo chakula kilipita vizuri.

Mkewe, Mercy, alimwambia ana roho ya kwa nini. Asukile alikana. Alisema anafanya utafiti.

Ukweli ni kwamba alikuwa fundi mzuri. Nusu ya kwaya za Mbeya zilikuwa zimepita mikononi mwake, za Uyole, za Ilomba, za vijiji vya mlimani ambako waimbaji hushuka na viatu mkononi ili visichafuke. Yeye ndiye aliyewawekea kinanda, ngoma na gitaa kwenye kompyuta. Kanda ilipotoka, jina la kwaya lilikaa juu kwa herufi za dhahabu, la mwalimu likafuata, la mchungaji likafuata, na la Asukile likaja chini kabisa, karibu na namba ya simu ya mtu wa kuchapisha kava. Watu walicheza muziki wake harusini bila kujua kuna mtu aliyeutengeneza. Jambo hilo lilimkaa rohoni kama mwiba wa perege.

Aliyemletea Faustina ni Amos, mwalimu wa kwaya mmoja mwenye maneno mengi, siku alipokuja kulipia marekebisho.

"Mtaalamu, huyu dada wa Iringa umemwona?"

"Yupi?"

"Faustina. Yuko Kihesa kule. Anapiga muziki kwa cherehani."

Asukile alisema hajamwona na wala hana haja. Amos akamwekea kwenye simu.

Mwanamke aliyevaa sweta na kitenge alikuwa amekaa uani, mbele ya meza ya cherehani ya miguu. Mahali pa kichwa cha cherehani palikuwa na ubao wenye vitufe vikubwa, kila kimoja kimeshonewa kipande cha kitambaa chake. Mguu ulikuwa kwenye kanyagio. Alipokanyaga taratibu muziki ulikwenda taratibu, alipochanganya miguu muziki ulikimbia, na vidole vyake vilichagua vitufe bila haraka, kama mtu anayepembua maharage huku anazungumza. Kilitoka kinu kinachotwangwa. Ikatoka honi ya lori. Ukatoka mkoromo wa bomba kabla maji hayajafika. Watu waliokuwa wanapita njia wakaingia uani, na kabla ya kucheza walifanya jambo moja: walitua mizigo.

"Sauti zenyewe si zake," Amos alieleza. "Anaazima."

"Anaazima vipi?"

"Kama kitu kingine. Anakwenda kwa mwenyewe, anapiga hodi, anaomba. Kile kinu ni cha mama yake mdogo, siku hizi anatwanga kimya. Na honi ni ya dereva mmoja wa Tunduma. Akitaka kupita lori la mbele anatoa mkono dirishani, anapunga."

"Na anarudisha?"

"Anarudisha. Tena unawajua watu wale, chombo cha mtu hakirudi kitupu. Kuna mama alirudishiwa kinu chake kina kengele ya misa ndani. Akitwanga, mara mojamoja inalia."

Asukile hakuwa na neno na kinu wala kengele. Kilichomuuma ni mizigo. Katika miaka yote ya kazi yake, hakuna mtu aliyewahi kutua hata pochi.

Juma lile alitoa kichwa cha cherehani ya Mercy, akakifunga kwa khanga iliyochakaa, akakisukumia chini ya kitanda. Meza na kanyagio akavihamishia studio.

"Baba Happy," Mercy alisema kutoka mlangoni, "nina sare za akina mama pale. Zinangojwa."

"Nikimaliza nitarudisha."

Alifunga pedi zake mwenyewe za kupigia muziki juu ya meza ile, zile alizoagiza Kariakoo, zenye taa za kijani na nyekundu. Akazijaza sauti kutoka kwenye memori kadi iliyokuja na pedi, maelfu ya ngoma na vinubi na filimbi zisizo na wenyewe. Jumamosi akatoa mtambo uani, akakaa, akakanyaga. Ulikuwa mtambo mzuri kuuangalia. Lea, jirani yao wa ukuta mmoja, alisikiliza kidogo, kisha akaanua mahindi yake ingawa jua lilikuwa kali.

Hapo Asukile akarudi kwenye simu kumchunguza Faustina vizuri. Alivaa vile vispika vya masikioni, akafunga mlango, akapitia kila wimbo kitufe kwa kitufe. Kinu alikijua, honi aliijua. Lakini kwenye wimbo ule uliopendwa kuliko yote kulikuwa na kitu kingine. Baada ya honi, pale ambapo mtu mwingine angetia ngoma, Faustina aliacha nafasi, akainua mguu, akagusa kitufe chenye kitambaa cha maua, na mwanamke fulani akacheka.

Kicheko kile kilianzia puani. Kilizuiwa, kikateleza, kikashuka tumboni, kikapanda tena na kumalizikia kwenye kikohozi kidogo cha kuomba radhi. Baada yake vyombo vyote viliingia pamoja, na watu wa uani wakaanza kucheza wakati huohuo. Ukikitoa kicheko kile, wimbo mzima unabaki masufuria yanayoanguka. Asukile alijua hilo kwa sababu alikuwa fundi, na kwa kuwa alijua, kiliumiza zaidi. Alikirudia mpaka bando likaisha. Alijisemea kwamba kila mtu ana bahati yake, wengine wanaletewa kicheko cha namna ile mlangoni, wengine wanaletewa kina Amos. Alimtamani mwenye kicheko kile bila kumjua. Alihisi amewahi kukisikia mahali, labda redioni.

Ilikuwa mezani ndipo alipojua. Mercy alikuwa anasimulia jinsi mbuzi wa mchungaji alivyoingia kanisani na kula maua ya madhabahuni akabakiza utepe, na alipofika kwenye utepe akaweka kiganja mdomoni, mabega yakatikisika, machozi yakamlenga. Sauti haikutoka. Alitikisika hivyo kwa muda, kimya, kisha akajifuta macho kwa ncha ya khanga na kuendelea kula.

Asukile aliweka tonge chini.

"Mama Happy."

"Abee."

"Kicheko chako kiko wapi?"

"Nimemwazima Faustina wa Iringa."

"Lini?"

"Pasaka. Tulipokwenda kwenye semina ya akina mama."

"Mbona hukuniambia?"

Mercy alimwongezea mboga. "Nilidhani umeona."

Huo ulikuwa mwezi wa saba, baridi ya Mbeya imeshika watu masikio. Lea alikuwa ameona siku ileile Mercy aliposhuka kwenye basi. Muuza maziwa aliona. Happy, binti yao aliyekuwa bweni Rungwe, aliona kwa simu, akamuuliza mama yake kama anaumwa. Asukile, ambaye riziki yake ni masikio, alikuwa amekula na kulala na kicheko hicho hakipo tangu Pasaka, na asingejua mpaka leo kama asingekikuta kwa mtu mwingine.

Lakini hilo la kutojua halikumkalia sana. Kilichomkalia ni jingine. Wivu wake wa kila jioni, ule wa bando, ulikuwa wivu wa kujifurahisha. Huu ulikuwa na meno.

"Nyumba hii ina prodyuza," alisema. "Unakwenda kumpa mtu wa Iringa?"

"Hukuniomba."

"Yeye alisemaje?"

"Aliniuliza kama nakitumia. Nikafikiri. Nikamwambia siku hizi, si sana."

Asukile alivuta sahani. Alimaliza ugali wake kwa hasira, mpaka wa kwenye sufuria.

Na kama vile hilo halitoshi, zikaja habari kwamba Zabron, yule anayepanga mambo ya jukwaa kwenye maonyesho ya Nane Nane, amempa Faustina Jumamosi nzima. Mbeya hapahapa. Mtu atoke Iringa na kicheko cha Mercy, asimame mbele ya watu wa Mbeya, watu watue mizigo, na Asukile aliyewawekea vinanda tangu wakiwa wadogo asimame nyuma akila muhindi wa kuchoma. Asubuhi yake alipanda basi.

Kihesa alielekezwa kwa urahisi. Mama yake Faustina, bibi mmoja mrefu anayeitwa Blandina, alikuwa mlangoni anamenya njegere.

"Kamwene," alisema Blandina.

"Kamwene, mama."

"Umetoka Mbeya. Na mikono mitupu."

Asukile alikubali kwamba ametoka Mbeya.

Alikuwa amejitayarisha kumchukia Faustina, na Faustina hakumsaidia. Alimpa kiti kizuri. Alimwita shemeji, maana Mercy alimwita dada. Alimwekea chai ya maziwa na viazi, akamwambia kwamba kwaya zake anazijua zote, na hasa anapenda jinsi gitaa lake linavyoingia kabla waimbaji hawajamaliza pumzi, na kwamba amejaribu mara nyingi kuiga jambo hilo kwa mguu akashindwa. Hakuna mtu aliyewahi kumwambia Asukile maneno hayo. Aliyameza kama dawa ya minyoo. Sifa ikitoka kwa unayemwonea wivu, huna pa kuiweka.

Kisha akamwonyesha mtambo. Kanyagio lilikuwa la cherehani ya marehemu baba yake, fundi nguo. Chini ya kila kitambaa kulikuwa na kitufe alichokiunda kwa vipuri vya redio, na kitambaa chenyewe alipewa na mwenye sauti, kimekatwa kwenye nguo yake, ili sauti isijisikie ugenini. Asukile akaona kipande cha maua. Kilikuwa cha gauni ambalo Mercy alisema limeungua na pasi.

"Alikuwa anacheka nini?" aliuliza.

"Nani?"

"Mke wangu. Siku ile anakupa."

Faustina alimtazama. "Shemeji, hilo si ungemuuliza mwenyewe? Mimi sikumchekesha. Alifumba macho akakumbuka kitu, akacheka, nikapokea."

Asukile akasema alichokuja kusema. Alisema Mercy amemtuma. Anakihitaji kicheko chake.

"Anaumwa?"

"Hapana. Anakihitaji tu."

Ingekuwa wewe au mimi tungepiga simu kuuliza. Faustina hakupiga. Kwao, mume akija amesema ametumwa na mkewe, kumpigia mke ni kumvua mume nguo. Alikunja mikono ya sweta.

"Basi. Mwenye mali akituma hatuulizi," alisema. "Ila wimbo ule siupigi tena. Na Nane Nane siji. Siwezi kuja Mbeya, kwa watu wa dada Mercy, bila yeye. Nitamwambia Zabron."

Asukile alisema pole. Alijitahidi sura yake isiseme kitu kingine.

Faustina alifumua uzi wa kile kitambaa cha maua, akakinga chupa ya chai chini ya kitufe, akazungusha gurudumu kinyumenyume kwa mguu. Kicheko kilishuka, kikohozi kwanza, mwisho pua. Akafunga kizibo, akakaza.

"Usikiweke kwenye baridi. Vya kucheka vikipoa vinageuka kikohozi."

Mlangoni Blandina alitazama chupa ile ikipita. "Kinarudi hivyohivyo?" alimuuliza binti yake. "Hujatia kitu?"

"Amekuja ghafla, mama. Sina kitu tayari."

"Aibu," alisema Blandina, akarudi kwenye njegere zake.

Njiani Asukile aliipakata chupa ndani ya koti. Makambako upepo ulipiga madirisha na chupa ilikaa kimya. Igawa kimya. Walipofika Chimala, basi limesimama na wauza mchele wameinua vipimo vyao madirishani, chupa ikaanza kucheka yenyewe. Haikuchokozwa. Ilicheka kuanzia pua mpaka kikohozi, na abiria wa pembeni, baba mmoja mwenye kofia ya sufu, akatabasamu.

"Ni cha nani?"

"Cha mke wangu."

"Anamjua mtu hapa?"

Swali hilo lilimtafuna Asukile mpaka Mbeya. Alimtafuta mtu huyo wa Chimala kichwani mwake, akampa sura, akampa gari, akampa meno meupe. Alipofika Uyole alikuwa amekwisha kumpiga.

Mercy alikuwa anamngoja mlangoni. Faustina alikuwa amempigia simu, baada ya safari kuanza, kumtakia heri na kuomba radhi kwa kurudisha chombo kitupu. Mercy hakuwa amemkanusha mumewe. Alinyoosha mikono yote miwili, kama mtu anavyopokea kitu cha heshima.

Asukile hakutoa mkono ndani ya koti.

"Chimala una nani?"

"Chimala?"

"Kimecheka Chimala. Ulikuwa unamcheka nani?"

Mercy alifikiri, kisha uso wake ukalainika. "Wewe," alisema. "Hukumbuki? Nilikuwa nimenunua gunia la mchele pale, hata hatujaongea vizuri, ukaja ukasema dada nikubebee. Ukalibeba begani mpaka kwenye gari, kifua mbele, hutaki hata kusaidiwa. Kumbe lina tundu. Umefika umelishika gunia tupu na kuku wote wa Chimala wako nyuma yako. Halafu ukaniuliza nikuwekee upande gani. Ndicho nilichompa. Nilikuwa nacho hicho tu kizuri."

Asukile alisimama pale mlangoni akimtafakari kijana yule wa gunia. Alimwona vizuri, mwembamba, hana hata redio, na mwanamke huyu anacheka kwa ajili yake mpaka anakohoa. Akamwonea wivu. Ulikuwa wivu mkubwa kuliko aliowahi kumwonea mtu yeyote wa Kampala au wa Mwanza, kwa sababu kijana yule hakuwa hata anajaribu.

Simu ikaita. Alikuwa Zabron. Dada wa Iringa amejitoa, Jumamosi iko wazi, na amesikia Asukile naye sasa ana mtambo wa cherehani.

"Ngoja Jumamosi ipite," Asukile alimwambia mkewe alipokata simu. "Nikitumie mara moja tu. Nitakupa."

"Sawa," alisema Mercy. Mikono yake ilikuwa bado imenyooshwa. Akaifuta kwenye khanga ingawa haikuwa na maji, akaingia ndani kutenga chakula.

Pale Nane Nane jukwaa lilikuwa kati ya mabanda ya ng'ombe wa maziwa na matrekta. Asukile alikanyaga kanyagio la mkewe, akapitisha ngoma za memori kadi ambazo hakuna aliyezigeukia, akaacha nafasi, akainua mguu, akagusa kitufe alichokuwa amekimiminia chupa ya Faustina. Mercy akacheka kwenye maspika makubwa. Ng'ombe waliacha kutafuna. Watu waliobeba miche ya parachichi waliitua chini, waliobeba vifaranga kwenye maboksi wakayatua, mama mmoja akatua debe la asali, na ngoma zilezile za memori kadi, zikija nyuma ya kicheko kile, zikawa muziki. Asukile aliiona mizigo ikishuka mmoja baada ya mwingine. Ilikuwa ndiyo siku nzuri kuliko zote maishani mwake, wala hakujidanganya kuhusu hilo.

Mercy alikuwa amesimama na Lea karibu na uzio. Kicheko kilipotoka aliweka kiganja mdomoni kwa mazoea. Mwanamke wa pembeni akamuuliza Lea kama ni kweli cha huyu. Lea akasema ni chake. Mwanamke yule akampa Mercy mkono, akampongeza.

Jumamosi ile ikapita. Wakaja watu wa Tukuyu, wana sherehe. Wakaja wa Njombe. Wakaja wa Makambako, wakalipa kabla. "Nikirudi Tukuyu," Asukile alisema, kisha, "nikitoka Njombe." Hakuwa anasema uongo. Kila alipokuwa anaondoka aliamini kabisa. Mercy aliuliza mpaka mvua za kwanza, kisha akaacha, kwa kuwa ulikuwa wakati wa kupanda na watu wana kazi. Chupa ya Faustina ilibaki nyumbani ikawekwa chai. Kichwa cha cherehani kilibaki chini ya kitanda, na sare za akina mama alipelekewa fundi mwingine.

Jina la Asukile sasa lilikaa juu, peke yake, kwa herufi kubwa. Kila alikopiga, lazima mtu mmoja amfuate baadaye amuulize kicheko ni cha nani, na akijibiwa aseme, "Nyumba yako lazima ni furaha tupu, kaka."

"Sana," Asukile alijibu.

Mwezi wa pili Mercy aliitwa stendi kuchukua mzigo wa Iringa. Ulikuwa kikapu kidogo cha ukindu chenye mfuniko, kimefungwa kwa kamba. Faustina alimweleza kwa simu.

"Dada, mama hana raha tangu siku ile. Anasema chombo chako kilirudi kitupu, na sasa tunasikia hata hukukipata. Amekuazima chake utumie mpaka chako kirudi. Anasema yeye ni mzee, vya kuchekesha vimepungua."

"Mwambie asante," alisema Mercy. "Mwambie nitakitunza."

Kilikuwa kicheko kikubwa, cha mwanamke mrefu aliyezoea kuitana na watu wa ng'ambo ya bonde. Kilikwaruza, na pale meno ya mbele yalipokosekana kilipiga mluzi. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako, na ni kweli kilimpwaya. Mara nyingine Mercy alikwisha kunyamaza na chenyewe kikaendelea kidogo. Lea alikisikiliza kwa makini mara ya kwanza, wakiwa wanapukuchua mahindi uani.

"Kimekuzidi kidogo mabegani," alisema.

"Nitakizoea," alisema Mercy.

Asukile alikuwa studio akitengeneza wimbo mpya na wimbo unamkatalia. Kicheko cha kwenye kitufe kilikuwa kimeanza kuchoka. Kilianzia puani kama kawaida lakini hakikushuka tena tumboni, na kule Mafinga kuna watu waliosikiliza huku wamebeba mizigo yao. Alivua vispika vya masikioni apumzike, na ndipo alipokisikia hicho kingine, kikitoka uani kwake mwenyewe, kinakwaruza, kinapiga mluzi, kinajaa ua mzima na kuvuka ukuta. Kulikuwa na jambo la kuchekesha limesemwa pale nje, na hakuna aliyemwita.

Alisikiliza mpaka kikaisha. Kisha akakumbuka kile kikapu cha Iringa na yule bibi wa njegere, akaelewa, au aliona ameelewa. Faustina alikuwa na hiki ndani siku ile yote, mama yake amekaa nacho mlangoni, na yeye akapewa kile cha Chimala, kilichotumika. Alikuwa amepunjwa.

Akachukua maikrofoni na waya mrefu, akatoka.

Mercy alimwona akija. Aliacha kupukuchua. "Hiki si changu, baba Happy," alisema. "Nimeazimwa."

"Najua."

Akakaa kwenye ngazi ya mlango, akawasha, akaelekeza maikrofoni kwenye mdomo wa mkewe. Kisha akamgeukia Lea, akasubiri aseme tena kitu cha kuchekesha.